Mbwa mzee niliyemchukua kwa muda anajificha tu, wageni wakija kumwona wanaondoka bila yeye. Nisaidieni

rongai_juu:
Habarini wapenzi wa wanyama. Naomba ushauri, na tafadhali mnieleze polepole juu hii ni mara yangu ya kwanza kukaa na mbwa wa kituo. Kuna kituo cha wanyama huku Nairobi kilikuwa kimejaa, wakaomba watu wenye nafasi wakae na mbwa kwa muda mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja, nikajitolea nikapewa jike mmoja mzee. Daktari wao aliangalia meno akasema ana miaka 9 au 10 hivi. Mdomo wote ni mvi, hapa kwangu tunamwita Shosho. Waliokuwa naye mwanzo walihamia fleti ambayo hairuhusu mbwa wakamleta kituoni wakaenda zao. Yani mbwa ameishi boma moja maisha yake yote halafu siku moja anajikuta kwa kibanda cha waya katikati ya mbwa wanaobweka usiku na mchana.

Sasa Shosho hana ukali hata kidogo, shida ni uoga. Amejibanza nyuma ya kochi pale konani na hatoki. Anakula usiku tukishalala, nasikia tu bakuli likigonga sakafu. Ukiinama kumsalimia anageuza uso pembeni, analamba pua, anapiga miayo. Nje anakubali kutoka kukiwa giza tu na pikipiki ikipita barabarani anarudi mbio mkia umeingia katikati ya miguu. Kubweka sijawahi kumsikia.

Kituo kinatuma watu wanaotafuta mbwa waje wamwone na hapo ndipo naumia. Wakiingia anatetemeka mwili mzima, kuna jamaa alimshika ule mkanda wa shingoni akamvuta atoke na akajikojolea palepale mbele ya watu. Wanasema pole sana, mbwa mzuri, halafu wanauliza kama kituo kina vitoto. Wengine wanataka mbwa wa ulinzi, jirani yangu amesema wazi kwamba mbwa asiyebweka ni hasara ya ugali. Mwanangu ana miaka 8 na anampenda sana huyu mbwa, anataka kumshika kila saa nami namzuia lakini sijui kama namzuia bure.

Nauliza, nimzoeshe watu kwa nguvu kidogo ili apate nyumba haraka ama nimwache? Na akishanizoea mimi halafu apewe watu wengine si ni kumvunja moyo mara ya pili? Hilo la mwisho linaninyima usingizi kweli.

mama_wa_ngong:
Dada, ubarikiwe kwa kuchukua mzee, wengi wanakimbilia vitoto na hawa wazee wanabaki kituoni wakitazama wengine wakienda.

Usimvute. Hata kidogo, hata kwa upole. Nimekaa na mbwa wazee wa aina hii kwa miaka na kitu kimoja wanachohitaji kuliko vyote ni kujua kwamba wakisema hapana wanasikika. Na Shosho anasema hapana vizuri sana, wewe mwenyewe umeandika. Kugeuza uso, kulamba pua na hakuna chakula, kupiga miayo na hana usingizi, ni namna mbwa anasema nipe nafasi. Kuna zingine utaziona ukianza kuangalia, masikio yamelala nyuma, ule weupe wa jicho unaonekana pembeni, anajikung'uta kama ametoka majini na hajalowa. Ukiona hivyo rudi nyuma hatua moja na uangalie kwingine. Mbwa akiona kila akisema hapana kwa adabu unasikia, hana sababu ya kufika kwa meno. Wanaoumaga ni wale walisema hapana mara mia kwa upole hakuna aliyejali.

Hapo konani mwachie, ni chumba chake. Mpelekee blanketi hapohapo, weka maji karibu, na hakikisha ana njia ya kutokea, yani mtu akisimama mbele ya kochi asiwe amemziba kabisa. Wewe jioni kaa chini sakafuni mbali kidogo, umpe ubavu, usimwangalie machoni, fanya kazi zako, angalia simu, ongea na watu wa nyumbani kwa sauti ya kawaida. Kila baada ya muda rusha kipande cha nyama ya kuchemsha upande wake bila kusema kitu. Usimwite. Usimnyooshee mkono wenye chakula eti aje aule mkononi, wengine wanakuja kwa njaa huku wamejaa hofu, wakishameza wanashtuka kujikuta karibu na mtu hivyo na wanarudi nyuma zaidi ya mwanzo. Rusha, na kipande kingine rusha nyuma yake ili apate kitu hata akienda mbali nawe. Ajue kukukaribia ni hiari yake.

Na ratiba. Chakula saa ileile, kutoka nje saa ileile, mlango uleule. Mbwa aliyepoteza kila kitu kwa siku moja anatulia akianza kujua kitu gani kinafuata. Watu wa vituo huwa wanasema siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 za kuanza kujiona nyumbani. Hiyo ni ya kukadiria tu, kwa mzee mwoga wengine wanapita hapo sana, kwa hivyo usihesabu kalenda.

Kuhusu mtoto, hujamzuia bure. Mwambie kazi yake ni kurusha nyama na kusoma kitabu kwa sauti akiwa amekaa mbali, watoto wakipewa kazi wanaifanya kwa moyo. Shosho akija mwenyewe akamnusa, amkune kifuani kidogo halafu atoe mkono. Akisogea zaidi ndio anataka tena, akibaki alipo ama akiondoka basi imetosha. Asimshike kichwani kwa juu, asimkumbatie, na akiwa amelala ama anakula asimwendee kabisa.

Mkulima_Moshi:
Samahani dada mimi nitasema tofauti. Sisi huku mbwa ni wa nje. Mmemweka ndani nyuma ya kochi ndio maana ameganda. Mfunge mnyororo karibu na geti wiki kadhaa, apigwe na jua, aone watu wakipita, atabweka mwenyewe. Mbwa wangu wote nimewafanya hivyo na wanalinda vizuri. Sina nia mbaya, nataka naye apate kwao.

mama_wa_ngong:
Ndugu wa Moshi nakuelewa na naona nia yako ni njema. Lakini angalia tofauti, wale wako uliwapata wadogo na shamba ndio dunia waliyoijua. Huyu tayari anaogopa, ukimfunga getini umemwondolea njia pekee aliyo nayo ya kujilinda, ambayo ni kuondoka. Pikipiki inapita, hawezi kukimbia. Mtoto wa jirani anarusha jiwe, hawezi kukimbia. Anabaki na mawili, ama anaganda kabisa na watu wanafikiri ametulia, ama anaanza kurukia kila anayepita. Hao wa pili ndio wanarudishwa vituoni wakiitwa wakali, na kwa umri wake sidhani kama kuna atakayemchukua akishapewa jina hilo.

Kulala nje si vibaya, kama kuna ua uliofungwa na kibanda kisichovuja anaweza kuishi nje raha mustarehe. Mimi ninachokataa ni mnyororo.

daktari_msaidizi_Thika:
Mimi nafanya kazi ya afya ya mifugo na naomba niingilie upande mwingine. Kabla hamjasema ni uoga, ameangaliwa maumivu? Mbwa wa miaka 9, 10 anayejificha, asiyetaka kushikwa, anayekula polepole usiku, mara nyingi kuna mahali panauma. Meno ni la kwanza. Ukaribie mdomo unuse, kama ni harufu ya kuoza hilo ni jino na si kawaida ya uzee vile watu wanasema. Viungo ni la pili, mwangalie akiamka asubuhi, akiwa mgumu miguu ya nyuma na analegea akishatembea kidogo hiyo ni yabisi. Macho na masikio pia, mbwa mwenye mtoto wa jicho anashtuka kwa sababu mkono unamfikia kabla hajauona. Ukiwa unamkaribia ongea kwanza, na usimtokee kwa nyuma.

Uliza kituo kama amefungwa kizazi. Vituo vingi wanafunga kabla ya kutoa lakini uliza. Jike mzee ambaye hajafungwa akianza kunywa maji mengi, kukosa hamu ya kula na pengine kutoa uchafu huko nyuma, huo ni usaha kwa kizazi na unaua, usingoje kesho. Hata aliyefungwa akinywa maji kupita kawaida apimwe figo na sukari.

Na hili naliandika kwa uzito wote: MSIMPE DAWA ZA BINADAMU. Sio Panadol, sio Brufen, sio Diclofenac. Nimeona mbwa wakiletwa wanatapika damu kwa sababu mtu alimhurumia akampa kidonge cha mgongo. Zinachoma tumbo, zinaharibu ini na figo. Kuna dawa za maumivu za mbwa wenyewe, daktari anaangalia uzito na figo ndio anaandika.

Kupe je? Huko Rongai kuna kupe kweli. Pekua masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, lakini ufanye hivyo siku akishakubali kushikwa ama umwachie daktari. Inua mdomo uone fizi, zikiwa nyeupe badala ya waridi, ama mkojo umekuwa rangi ya kahawa, ama amelegea na joto, mpeleke siku hiyohiyo apimwe damu ya homa ya kupe. Inatibika ikiwahiwa.

Chakula usihangaike. Ugali peke yake haumtoshi, lakini ugali kidogo na omena iliyooshwa ikachemshwa bila chumvi, ama mapafu ama matumbo ya buchani yaliyoiva, na mboga kidogo, anaishi vizuri. Kitunguu hapana, chokoleti hapana, zabibu hapana, na mifupa ya kuku iliyopikwa hapana kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha. Matumbo mabichi usimpe, kuna minyoo inaweza kuanzia hapo ikaishia kwa watoto wenu. Dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3.

Mwisho, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya mwaka huu, uwe umeiona kwa macho yako. Naona ana upole, lakini nyumba ina mtoto. Mbwa yeyote akimwuma mtu osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali, hata kama ni mkwaruzo, juu kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna kurudi. Karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi wanachanja bure, tafuta tangazo kwa ofisi ya mifugo ya kaunti.

binti_Kisauni:
Asalaam aleikum dada Rongai. Nimeona hakuna aliyegusia hili nami naliishi kila siku kwa hivyo naomba niseme. Usije ukafuta watu kwenye orodha yako ya wanaoweza kumchukua kwa sababu ya dini. Huku pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo, na mbwa hatumweki ndani ya nyumba. Lakini kumweka kwa ulinzi kunaruhusiwa na kumtesa hakuruhusiwi. Tumesoma madrasa hadithi ya yule mtu aliyemkuta mbwa anakula udongo kwa kiu, akateremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Iko kwa Bukhari na kwa Muslim. Wakauliza kwani kuna thawabu kwa wanyama, Mtume akajibu kuna thawabu kwa kila chenye uhai.

Sisi tuna mbwa wa uani, alikuwa hana mwenyewe, alikuja mwoga hivyohivyo. Tulimjengea banda lake chini ya mwembe, bakuli lake, chombo chake cha maji, mtu mmoja tu nyumbani ndio anamhudumia. Hatukumshikashika kwa sababu ya udhu, na naamini hilo ndilo lilimsaidia kutulia, hakuna aliyekuwa anamng'ang'ania. Sasa akisikia geti anatangulia. Kuna mbwa ambao nyumba yenye heshima na mbali kidogo ndiyo wanaitaka, si nyumba ya kukumbatiwa.

kilimani_fleti:
Hii ya binti Kisauni imenigusa sana. Nami niongeze kuhusu wageni kwa sababu nimesaidia kutafutia mbwa kadhaa nyumba. Dada tatizo lako naona liko kwa namna wageni wanakuja. Mtu anaingia nyumbani, sebuleni, wanasimama watu wanne wanainama kumwangalia mbwa aliyebanwa ukutani, wanategemea kumpenda kwa dakika kumi. Hata mbwa jasiri hapo angekaa kando.

Badilisha. Kwanza wasije kabla hujawatumia vidio. Rekodi za kawaida, usiku akila, akinusa nyasi, akilala miguu juu siku atakayolala hivyo. Na uandike ukweli wote, ana miaka 9, anaogopa pikipiki, habweki, hapendi kushikwa kichwani. Mtu akisoma hayo na bado akapiga simu, huyo tayari amekubali mbwa aliyepo. Watu wa mbwa wa ulinzi watajichuja wenyewe na humpotezei Shosho nguvu.

Wakija wasiingie. Mkutane nje pa utulivu, asubuhi mapema, mtembee wote upande mmoja kama watu wanaoenda dukani, mbwa akiwa upande wako, hakuna anayemwangalia. Mkirudi wakae chini, wapige gumzo nawe. Wasipomgusa siku hiyo hakuna neno. Waje tena. Wakupe shuka au fulana waliyovaa uiweke pale konani kwake azoee harufu. Kama wana mbwa mwingine mtulivu hiyo ni bahati kubwa, mwoga anamwangalia mwenzake kujua kama mtu ni salama, na wazee wengi wanafunguka wakipata mwenzao kuliko wakipata mtu.

Halafu tahadhari moja. Siku za mwanzo nyumba mpya ndio wanapotea. Mlango unaachwa wazi, mbwa anakimbia anarudi alikotoka na hajui njia. Kwa hivyo mkanda wa shingoni wenye kibao cha namba ya simu, na mkanda wa kifuani juu yake, kamba mbili, hata akiwa ndani ya kompaundi. Akitoroka msimkimbize mkiita jina, hapo hata mwenyewe anamkimbia. Acheni chakula na blanketi lake pale alipoonekana mwisho, mtu anayemjua akae chini atulie. Na msimhamishe Desemba mwishoni, fataki za mwaka mpya zinawamaliza hawa.

rongai_juu:
Jameni asanteni, nimechelewa kujibu juu nilitaka kwanza nifanye mliyosema.

Daktari wa Thika, Mungu akuweke. Nilimpeleka na ikawa meno, mawili yameoza huko nyuma moja lilikuwa na usaha, yameng'olewa. Amefungwa kizazi tayari, damu iko sawa, chanjo ni ya mwaka huu nimeona kadi. Mguu wa nyuma kushoto una yabisi na amepewa dawa yake ya mbwa. Sasa anakula mchana! Mbele yetu. Bado analala nyuma ya kochi lakini kichwa ameweka nje, na mtoto anamsomea kitabu cha shule kila jioni, juzi alikuja akamnusa soksi akarudi. Mtoto hakumgusa, alinyamaza kimya huku machozi yanamtoka kwa furaha.

Nimebadilisha tangazo, nimeandika kila kitu wazi, na kuna mzee na mkewe walimu waliostaafu, wako Limuru, wana ua na mbwa mmoja dume mzee naye. Wamesoma yote wakapiga simu wakauliza maswali ya maana sana, hata wakauliza anapenda kulala upande gani wa mlango. Wanakuja kutembea naye Jumamosi, hawaingii ndani. Fulana yao nitaichukua siku hiyo.

Lakini swali langu la mwisho bado hakuna aliyelijibu. Akianza kunizoea halafu aende?

mama_wa_ngong:
Nilikuwa naliepuka kidogo kwa sababu halina jibu jepesi, kila nikitoa mbwa mimi nalia kwa gari. Lakini nakuambia vile nimeona. Mbwa aliyejifunza kumwamini mtu mmoja kwa utaratibu anamwamini wa pili kwa muda mfupi zaidi. Yule anayekaa kibandani akingoja bila kumzoea mtu yeyote ndiye anayefunga kabisa. Kwa hivyo unavyokaa naye sakafuni jioni hizi, unawasaidia pia hao wazee wa Limuru. Atakutafuta siku za kwanza, ndiyo, anaweza kukataa chakula siku moja mbili. Mwende mara kadhaa pamoja kabla ya kumwacha, blanketi lake liende bila kufuliwa, bakuli liende, saa za chakula ziwe zilezile ulizomzoesha. Na wakubaliane nawe kwamba ikishindikana kabisa anarudi kwako ama kituoni, hapewi mtu mwingine njiani. Kituo kiandike hilo kwa karatasi.

Mkulima_Moshi:
Nimesoma yote mpaka mwisho. Kumbe alikuwa na jino linauma muda wote huo, daah. Nina jike mzee hapa naye siku hizi anajitenga nyuma ya ghala, nilidhani ni umri tu. Daktari wa Thika, kupima meno bila kuumwa nafanyaje?

daktari_msaidizi_Thika:
Kaka wa Moshi usimfungue mdomo kwa nguvu. Kaa ubavuni kwake, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba upande mmoja tu, sekunde moja, mwachie, mpe nyama. Kesho upande wa pili. Ukiona ugaga wa kahawia umefunika jino, fizi nyekundu iliyovimba, ama uvimbe chini ya jicho, mwite daktari wa mifugo hapo kwenu. Angalia pia kama anaangusha chakula akitafuna ama anatafunia upande mmoja. Akikukataza kwa kukunja midomo, acha, daktari atampa dawa ya kumtuliza kwanza.

Dada Rongai, hiyo dawa ya yabisi waambie wa Limuru wampe baada ya kula, kamwe tumbo tupu, na akitapika ama kinyesi kikiwa cheusi kama lami waache na wapige simu kwa aliyeiandika. Waandikie kwa karatasi pamoja na tarehe ya minyoo na ya chanjo inayofuata.